Sadaka Isiyoonjwa

Hasira hasara, wananiambia. Kila wiki wananiambia, na mimi kila wiki nawauliza: hasara kwa nani? Maana nimewaona watu wapole wa kijiji hiki chetu cha Galwewa wakimfanyia mama mzima unyama kwa sauti ya chini, wamevaa nguo zao nyeupe za kwendea hekaluni, mikono wameikunja vizuri mapajani. Upole gani huo? Afadhali yangu mimi mwenye kelele. Baba yangu aliniita Karuna, maana yake huruma, na Shangazi Asilin husema kwamba siku hiyo kaka yake alikuwa amelewa.

Huyo Shangazi Asilin ndiye ninayetaka kumsema leo, na nitamsema vizuri, kwa sababu wengine wamemsema vibaya vya kutosha.

Shangazi amechuna mdalasini tangu hajavunja ungo. Anakaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, kisu mkononi, anaparua gamba la juu, anasugua fimbo kwa kipande cha shaba, kisha anaivua ganda lake lote mara moja kama mtu anayemvua mtoto soksi. Mikono yake inanukia hata akitoka kuoga. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Lasantha. Mama yangu naye alipofariki, Shangazi akanichukua, tukalala watoto wawili mkeka mmoja, tukigombania shuka. Kwa hiyo msiniambie Lasantha alikuwa binamu. Alikuwa ndugu yangu.

Akaingia jeshini, kwa sababu mdalasini unawatajirisha wanaouuza, hauwatajirishi wanaouchuna. Alirudishwa nyumbani ndani ya sanduku lililofungwa kwa misumari, na amri juu yake: lisifunguliwe. Shangazi akamwomba yule ofisa amwonyeshe hata miguu tu, aiangalie, ataijua. Ofisa akakataa. Akampa bendera iliyokunjwa vizuri. Mpaka leo nikiikumbuka ile bendera damu inanichemka. Ilikuwa tarehe kumi na moja.

Mwezi uliofuata Shangazi alipanda kilima mpaka hekaluni akaomba tarehe kumi na moja iwe zamu yake. Hapa kwetu kila siku ya mwezi ina nyumba yake, na nyumba hiyo ndiyo inayowapelekea watawa wa Buddha chakula cha mchana. Watawa hawapiki, hawanunui, tusipopeleka, hawali. Na anayewalisha hupata thawabu, na thawabu hiyo anaweza kumpelekea marehemu wake. Wengine wanalisema jambo hili kama wanavyosema habari za hali ya hewa. Kwa Shangazi si fumbo wala si mfano. Watawa wakila, Lasantha amekula. Watawa wasipokula, mwanawe amelala na njaa huko aliko. Basi ndiyo hivyo, maisha yake yote yakawa yanazunguka siku hiyo moja. Mwezi mzima anachuna mdalasini, tarehe kumi na moja anamlisha mtoto.

Tena alikuwa mpishi, jamani! Fenesi bichi la nazi, bilingani la siki na pilipili, dengu zimelainika, majani mabichi yamekatwakatwa membamba na nazi iliyokunwa, kisha mtindi wa nyati na asali. Na yote hayo bila kuonja. Chakula cha watawa hakionjwi kwetu. Kabla hakijapokelewa kwa mikono yao si chako, hata kwa ncha ya ulimi. Wanawake wengine wakifunua chungu hugeuza uso wasije wakavuta harufu kwa makusudi. Unapika kwa mkono na kumbukumbu, basi. Na mkono wa Shangazi ulikuwa hauna mfano. Watawa wa mahekalu mengine walikuwa wanapata visababu vya kutembelea Galwewa tarehe kumi na moja, eti wamekuja kuazima kitabu.

Uzee ukaja. Haukuja kwa mabavu, ulikuja kwa kuibaiba. Mara kitana kiko ndani ya pipa la mchele. Mara ananiita kwa jina la mama yangu. Tulicheka, yeye mwenyewe alicheka zaidi. "Karuna," ananiambia, "kichwa changu kimekuwa kama kapu la Bandula, kila kitu kinapita." Bandula ni mume wangu, na kapu lake kweli ni bovu.

Nilikuwa namsaidia kubeba vyungu mpaka ukumbi wa kulia chakula hekaluni, tunaviweka, nawainamia watawa, halafu mimi huyoo, mbio kwenye banda la kuchunia. Ganda la mdalasini halimsubiri mtu, likikauka kwenye fimbo umeharibu. Shangazi naye hakuwa anakula vile vyungu. Siku hiyo hukaa na njaa mpaka watawa wamalize na kumsomea, kisha hurudi nyumbani akala wali wake wa jana na pilipili. Mabaki anaachiwa Charlis, mtumishi wa hekalu, yeye na mbwa. Sasa nakwambia haya ujue ilikuwaje mimi na yeye tukawa watu wa mwisho kujua.

Maana Shangazi alikuwa anatia chumvi, anasahau, anatia tena. Na anasahau, anatia tena.

Charlis alijua. Mbwa walijua. Na huyo Charlis, badala ya kushuka kilima aje kuniambia mimi, ambaye nyumba yangu anaijua kwa kuja kuomba tambuu, alikwenda kumwambia Tajiri Edwin. Kwa nini? Kwa sababu kwa Tajiri Edwin kuna chai ya maziwa.

Tajiri Edwin ana kinu cha mpunga na malori, na ndiye mwenyekiti wa chama cha wafadhili wa hekalu. Mtu wa mwili, sauti ya sharubati. Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule, na angalia bahati ya watu wengine: alifariki tarehe kumi na moja. Edwin alishamjia Shangazi kwa upole wake, na kopo la biskuti, akamwomba wabadilishane siku. Shangazi alimjibu hivi: "Mama yako amekula akashiba miaka tisini, Tajiri. Mwanangu alikuwa hata ndevu hazijamkaa sawa. Chukua biskuti zako uchague siku nyingine." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Edwin naye alicheka, lakini cheko lake halikufika machoni.

Siku ya mwezi mpevu kijiji kizima tulikuwa hekaluni, na mchana chama kikafanya mkutano kwenye ukumbi wa mahubiri. Jana yake ilikuwa tarehe kumi na moja. Mtawa Mkuu alikuwa kwenye kiti chake, na upepeo wake mkononi, na mtawa kijana Rewata chini yake. Sisi wengine tuko kwenye mikeka. Shangazi yuko mbele kabisa, kwa sababu ya masikio yake.

Edwin akasimama. Akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, sisi si watu wa kusengenya," akaanza.

Ukisikia mtu anaanza hivyo, shika kiatu chako.

"Ndiyo maana nimeona heri jambo hili tulione wote kwa uwazi. Hizi ni dengu zilizotolewa sadaka jana. Watawa wameshakula, haya ni mabaki, kwa hiyo hakuna ubaya kuonja. Nimezihifadhi kwenye friji."

Akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko! Alikuwa amelilaza usiku kucha kwenye friji lake, mwanamume mzima, mwenyekiti, akisubiri! Akampa mtu wa nyuma kabisa, likaanza kupita mkono kwa mkono. Kila mtu anachovya kidole, anakunja uso, anampa jirani. Huku nyuma vicheko vikaanza, vile vya kubanwa puani. Kusumalatha, mke wa fundi pikipiki, akatema kwenye leso yake na kusema, "Hii! Hii si mboga, hii ni dawa ya kuhifadhia samaki!" Wakaangua kicheko. Na Shangazi yuko kule mbele, amenyoosha shingo, anatabasamu. Alidhani watu wamefurahi tu.

Bakuli likanifikia. Nikachovya. Chumvi ile ilinishika koo nikatokwa na machozi, na sijui machozi mangapi yalikuwa ya chumvi na mangapi ya hasira.

"Mnaona wenyewe," Edwin akasema. "Hatumlaumu mama yetu. Umri ni umri. Chama kimeona heri apumzike sasa, na siku yake tuibebe sisi. Familia yangu iko tayari."

"Chama gani kimeona?" Nilikuwa nimeshasimama. "Chama ni wewe na friji lako?"

"Karuna, dada yangu, tuko hekaluni."

"Dada yako yuko kwenu! Ungekuja nyumbani ukaniambia: Karuna, chungu cha shangazi yako kina chumvi. Maneno saba tu yangekuua? Au ulipokwisha kuonja ulifurahi, ukasema Buddha kakusaidia?"

"Keti chini, wewe," watu wakaanza. "Keti, unaaibisha."

"Mimi ndiye ninayeaibisha? Mimi?"

Basi Shangazi akageuka. Aliangalia nyuso za watu, akaangalia bakuli mkononi mwangu, akalijua. Lilikuwa na dengu zake, anakatakata punje za vitunguu saumu kwa namna ambayo hakuna mwingine anayekata.

"Nipe," akasema.

"Shangazi, achana nao."

"Nimesema nipe."

Nikampa. Ningefanya nini? Akachovya kidole, akakiweka mdomoni. Miaka yote ile, hapo ndipo alipojua kwa mara ya kwanza ladha ya alichokuwa anampikia mwanawe.

Nilidhani atamgeukia Edwin. Hakumwangalia hata kidogo. Alimwangalia Mtawa Mkuu.

"Mtukufu, umekula hiki?"

"Nimekula, mama."

"Na cha mwezi uliopita?"

"Nacho."

"Kilikuwa hivi hivi?"

Mtawa Mkuu akaangalia upepeo wake. "Yapata mwaka sasa, mama. Huenda na zaidi."

Shangazi akasimama. Huwa anasimama kwa taabu, anashika goti, anashika bega la mtu. Siku hiyo hakushika kitu.

"Ukanyamaza?"

"Mtawa hachagui chakula, mama. Hasemi hiki kitamu, hiki kibaya. Anapokea alichopewa, anakula, anashukuru."

"Unapokea!" Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya sanduku. "Wewe unavumilia, unapata thawabu ya uvumilivu. Na mwanangu je? Mwaka mzima anakula chumvi! Ungeniambia, Mtukufu. Ungenipigia kelele! Ungemwambia hata huyu Karuna mwenye mdomo. Hukujua kwamba mtoto wangu hana mdomo mwingine ila wako?"

Watu walishika vichwa. Hakuna anayesema hivyo na mtawa hapa kwetu, tunawasemesha tukiwa tumekaa chini, na lugha yao ya heshima ni nyingine kabisa. Mzee mmoja aliziba masikio. Mimi nilitaka kupiga makofi.

Mtawa Mkuu alishuka kwenye kiti chake. Hilo nalo hatukuwahi kuliona. Akakaa kwenye jukwaa, chini, karibu na Rewata, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mama yake.

"Umesema kweli," akasema. "Niliutunza mwiko wangu nikakusahau wewe. Kosa ni langu." Kisha akatuangalia wote. "Na jambo jingine, maana naona leo ni siku ya kusema. Buddha hakumkataza mpishi kuonja chungu chake. Hakuna mahali alipokataza. Hiyo ni mila yenu."

Ebo! Nilipandwa na hasira upya. Alijua? Miaka yote hiyo wanawake wa Galwewa wanapika kwa kubahatisha kama vipofu, na yeye anajua? Lakini ukiwaangalia watu usoni, unaona wazi kwamba hawamsadiki. Mtu huyo akiwaambia kuhusu pepo na moto na maisha mia yajayo wanaitikia. Akiwaambia onja mboga, wanaangalia mikeka.

Na Edwin alikuwa mwepesi, nampa haki yake. Akakunja mikono kifuani, akainama.

"Mtukufu amesema. Basi mama abaki na siku yake, nani atamnyang'anya? Lakini apate mtu wa kumwonjea, watawa wasiumie. Mama, utaonja mwenyewe?"

"Mimi nionje chakula cha mwanangu kabla yeye hajala?" Shangazi akasema. "Sitafanya hivyo mpaka kufa."

"Vema. Basi nani mwingine yuko tayari?"

Akazunguka polepole akituangalia, na tabasamu lile. Alijua anachofanya. Kwa sababu kwenye ukuta wa hekalu letu, pale karibu na mlango, kuna picha ambayo kila mmoja wetu amekua akiiogopa. Ni mwanamke aliyelamba mwiko wa chakula cha watawa kabla hawajala. Alipokufa akazaliwa mzuka wa njaa: tumbo kama pipa, shingo kama uzi, mdomo kama tundu la sindano. Chakula kimemzunguka pande zote na hata punje haipiti. Watoto wetu wakilia jikoni tunawatisha naye. Mtawa aseme asemavyo, yule mwanamke yuko ukutani.

Kusumalatha anaangalia kucha zake. Charlis ameinamisha kichwa utadhani amelala.

"Hakuna?" Edwin akasema kwa masikitiko. "Basi, ndugu zangu..."

"Mimi," nikasema.

Na msije mkanipamba. Sikusema kwa huruma wala kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu ya lile tabasamu.

Njia nzima ya kurudi Shangazi alinigombeza. "Nani kakutuma? Nani? Ningepata mtu." Ungempata wapi, nikamuuliza, ungemkodisha? "Nyamaza. Mtoto gani wewe usiyejua kuogopa." Nyumbani hakula kwangu siku tatu nne, alikuwa amenuna.

Kijijini ndiyo usiseme. Nikienda bombani, Kusumalatha anawaambia wenzake, "Pisheni, pisheni, mzuka unapita. Karuna mwenzangu, mdomo bado haujaanza kupungua?"

"Ukipungua mtapumzika nyinyi," nikamjibu. "Ombeni iwe haraka."

Hata Bandula wangu, ambaye namfulia nguo, alinitengea kijiko. Hakusema kitu. Nilikuta tu kijiko kimoja kimefungwa uzi mwekundu, nikajua ni changu. Nilikitupa kwenye banda la mbuzi. Mume gani anamtenga mkewe kwa kosa ambalo hata bado hajalifanya?

Tarehe kumi na moja ikafika. Tuliwasha moto kungali na giza, tukakuna nazi, tukakata fenesi na mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Ilipofika kwenye dengu Shangazi akatia chumvi. Kiganja kimoja, sawasawa. Akakoroga, akaenda kuchukua majani ya mchuzi, akarudi, mkono huo ndani ya kopo la chumvi.

Nikamshika kifundo. "Umeshatia."

"Sijatia."

"Umetia sasa hivi, Shangazi, nimekuona."

"Unanifundisha kupika, wewe? Niliyekufundisha hata kujipangusa?"

"Umetia!"

Alinitazama kwa chuki, chuki kabisa, halafu nikaona ile chuki inapotea na mahali pake inakuja hofu. Alikuwa anatafuta kichwani mwake kile kiganja cha chumvi na hakioni. Akaacha kopo. Akageukia ukuta, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, kana kwamba kuonja kuna kishindo.

Nikachota. Nikapuliza. Na hapo, na kijiko kiko karibu na mdomo, nilimwona yule mwanamke wa ukutani, na tumbo lake na shingo yake. Mimi Karuna, ninayepigana na kila mtu, nilikishusha kijiko. Nilisimama pale kama mjinga. Nikatafuta uso wa Edwin kichwani mwangu, na friji lake na bakuli lake la plastiki, nikauona, hasira ikaja, nikalamba.

Dengu zilikuwa sawa. Fenesi lilitaka chumvi kidogo, nikatia. Bilingani halikuwa na kasoro. Nilionja vyungu vyote, hakuna nilichoacha. Maana ukishapotea, potea vizuri.

Hekaluni Edwin alikuwepo na watu wake, wamekaa kwenye benchi la nyuma, eti wamekuja kuabudu. Tukawainamia watawa, Shangazi akasogeza vyungu mbele yao, wakavipokea. Wakaanza kula. Mtawa hasifii, tumeshaambiwa hivyo. Lakini mtawa akitosheka hufunika sahani yake kwa kiganja. Charlis akapita na fenesi, Mtawa Mkuu hakufunika. Akapita tena, hakufunika. Alipopita mara nyingine, Rewata aliisogeza sahani yake mbele kidogo, halafu akaona haya akairudisha. Edwin alikuwa anaangalia vigae vya dari. Ningependa kuwaambia kwamba nilimsamehe. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Baada ya kula watawa huomba, na mwenye sadaka humimina maji kutoka kwenye birika ndogo mpaka bakuli lifurike, kisha humtaja marehemu wake. Shangazi amefanya hivyo kila mwezi, na maneno yake ni yale yale. Watawa wakaanza kuimba, maji yakaanza kushuka.

"Mwanangu Lasantha, pokea. Kula."

Mimi nilikuwa ninasubiri aweke birika chini, nikimbie bandani. Hakuiweka.

"Karuna, mtoto wa kaka yangu, pokea. Kula."

Kusumalatha alisema "Lo!" kwa nguvu. Hakuna anayemtaja mtu aliye hai kwenye maji yale, ni kumtakia kifo. Mtawa Mkuu alikosa mstari, Rewata akaendelea peke yake.

"Shangazi!" nikamnong'oneza, na mnong'ono wangu unasikika mpaka barabarani. "Mimi mzima!"

"Najua u mzima. Usinipigie kelele hekaluni."

"Mbona unanitaja na wafu?"

"Leo nakumbuka," akasema, na macho yake yako kwenye maji. "Kesho sijui. Utakapokuwa na ule mdomo wa tundu la sindano, kwa ajili ya chungu changu, mimi sitakuwepo kukulisha. Naanza sasa, upate akiba."

"Mtawa amesema si dhambi!"

"Mtawa hajui kila kitu. Hata chumvi hakuisema."

Nikaitafuta hasira yangu pale inapokaa, sikuiona, nikabaki na mikono yangu mapajani kama wale wapole. Bakuli likajaa, likafurika, maji yakaingia kwenye mkeka yakalowanisha nguo yangu, na yeye bado anamimina, anataja kwa sauti, Lasantha, Karuna, Lasantha, Karuna, asije akamsahau mmoja.